Kuanzia Shingoni

Mimi kukaa kitako siwezi, na yeyote aliyenijua tangu udogo wangu hapa Shela ya Malindi atakwambia hivyo hivyo. Nikipewa shanga nizitunge, natunga nusu, nainuka. Nikipewa mchele niuchague, nauchagua nikizunguka ua, ungo mkononi na kuku nyuma yangu. Ndiyo maana nilipoachwa na mume sikulia kwa kuachwa. Nililia kwa kurudi kwenye chumba kile kile cha kwetu, chenye dirisha linalotazama ukuta wa jirani, na Mama yuko mlangoni ananifundisha namna mwanamke anavyokaa eda.

Eda ikaisha, na kabla sijapumua Mbaruk akaleta posa. Mbaruk ni mtu wa Mambrui, ana duka la misumari na saruji, amefiwa na mke, mpole, hagombani na mtu. Kila aliyeingia kwetu alimsifu. "Hana neno yule," wakasema. Kweli hana neno, hata la kuzungumza hana. Nilikuwa nimekwisha kuishi na mwanamume mmoja wa kukaa kimya dukani na kurudi kukaa kimya nyumbani, na wa pili sikumtaka. Nilimwambia Mama waziwazi kwamba simtaki.

"Sawa," Mama akasema. "Basi niambie unachokitaka, mwanangu. Maana hukai, huolewi, hufanyi. Utazunguka ua huu mpaka lini?"

Nikauchukua ungo, nikazunguka ua.

Kazi yangu wakati ule ilikuwa kupeleka kofia alizoshona Mama kwenye vibanda vya vinyago karibu na mahoteli. Mwenye kibanda kimoja alikuwa Kioko, Mkamba, fundi wa kuchonga twiga na Wamasai. Wazungu wakiishiwa na pesa mwisho wa likizo walikuwa wakibadilishana naye. Huyu anaacha saa achukue tembo, yule anaacha viatu vya raba achukue chui. Kibanda cha Kioko kilijaa vitu ambavyo mwenyewe hakujua kuvitumia.

Siku hiyo alinitolea kamera nyeusi na fedha, nzito, lenzi imechomoza mbele, mkanda wa ngozi umeliwa na jasho la mtu.

"Dada Jaha, hii si ile ya kubonyeza tu," akasema. "Hii ni ya watu wanaojua."

"Inafanya kazi?"

"Mzungu amesema inafanya."

"Wewe umeijaribu?"

"Mimi najua tezo na msasa. Kamera nitaijaribia wapi?"

Nikaiweka jichoni. Kwanza sikuona kitu ila ukungu. Nikazungusha lenzi kidogo, na Kioko akatoka ndani ya ukungu ule taratibu, mpaka nikaziona nywele za puani mwake moja moja. Nikaigeuzia kwa mwanamke aliyekuwa akiuza madafu ng'ambo ya barabara, nikazungusha tena, naye akaja. Sikujua kama mtu anaweza kutazamwa kiasi kile bila mwenyewe kujua. Nilisimama pale nikiwatazama watu mmoja mmoja, na kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi miguu yangu haikutaka kuondoka.

Nilikuwa na bangili ya dhahabu ya mahari yangu. Nikaivua. Kioko akaiuma, akaitazama, akaniuliza mara mbili kama nina hakika, nami nikamwambia asinichoshe. Kamera ilikuja na kijitabu chake cha maelezo, kimeandikwa Kijerumani kuanzia jalada hadi jalada.

"Na hizi namba za hapa juu?" nikauliza. Palikuwa na kigurudumu chenye namba nyingi.

"Mzungu alisema mia na ishirini na tano, usiguse. Zile nyingine ni za watu wa magazeti."

Nilipofika nyumbani nikakata plasta, ile ya kufungia vidonda, nikaibandika juu ya kigurudumu kisisogee. Yaliyobaki nilijifunza mwenyewe. Ndani ya kamera, pembeni, palikuwa na kisindano kinachopanda na kushuka kufuata mwanga. Nikazungusha pete ya lenzi mpaka kisindano kikatulia katikati. Nikapiga kuku. Nikapiga mbuzi wa jirani, nguo kambani, Mama anapepeta mchele amekasirika. Filamu hiyo nikaipeleka studio ya Gitau, Mkikuyu mwenye chumba chake karibu na stendi ya basi. Filamu za rangi hakuweza kuziosha mwenyewe, alizituma Mombasa. Zilipotoka, kuku ni kuku, na Mama amekasirika vizuri kabisa.

Mama hakuzitazama. Alikuwa ameuona mkono wangu mtupu.

"Bangili iko wapi, Jaha?"

Nikamwonyesha kamera. Alikaa chini. Alinisema tangu adhuhuri hadi alasiri, na maneno mengine siyarudii. Alipochoka ndipo nikamweleza nilichokuwa nacho kichwani. Kwetu bibi harusi hupambwa, akakalishwa juu ya jukwaa kwa gauni na dhahabu na asumini, na wanawake wote wa mji huja kumtazama. Mabuibui huvuliwa mlangoni. Mwanamume haingii, awe mpiga picha awe nani. Kwa hiyo siku ile mwanamke anapopendeza kuliko siku zake zote hupita bila picha hata moja.

"Mimi nitaingia," nikamwambia. "Mimi ni mwanamke na nina kamera. Nani mwingine Malindi hii?"

Mama akaichukua kamera mkononi, akaipima uzito. Nikajua limemwingia, kwa sababu mpaka hapo hakutaka hata kuigusa.

"Bi Zuleikha anamuoza Swabra mwezi huu," akasema mwishowe. "Nitamwambia akupe. Sasa nisikilize. Mbaruk anangoja jibu langu, na mwezi ukiisha nitampa. Picha za Zuleikha zikikupatia harusi nyingine, nitasema hapana, na sitakusumbua tena na mtu. Zisipokupatia, utaolewa Mambrui, na kamera utakwenda nayo ukapige misumari."

Nikakubali. Ningekubali lolote.

Bi Zuleikha alikuwa jirani yetu, asili yao watu wa visiwani, mwanamke wa sura kavu asiyependa mzaha. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba huku akiitazama kamera kana kwamba nimemletea paka mgonjwa. Akanieleza sababu ya kuziogopa picha. Mpwa wake alipigwa picha na shoga yake, nywele wazi, siku ya harusi. Picha ikatoka mkono huu ikaenda ule, na mwaka wa pili ikaonekana imebandikwa ukutani kwa kinyozi mmoja Mombasa. Mume wa mpwa yule aliiona akiwa kwenye kiti, sabuni shavuni.

"Aliachwa?" nikauliza.

"Aliachwa. Sasa na wewe, zikitoka kwenye hiyo mashine yako, zinapita wapi?"

Sikumdanganya. Nikamwambia zinakwenda Mombasa, mtu wa huko anaziosha, zinarudi kwenye bahasha iliyofungwa, na nitaifungua mimi. Akafikiri sana. Alitaka Swabra apigwe picha, niliona anavyotaka, binti yake pekee. "Huyo wa Mombasa hajui sisi ni nani," akasema. "Lakini mtu wa Malindi akiona hata ukucha, Jaha, mimi na mamako tumemalizana."

Sasa nilihitaji flashi, maana chumba cha kupambia hufungwa madirisha yote kwa ajili ya wavulana wanaochungulia. Gitau alikuwa nayo moja kuukuu, akakubali kunikodisha. Akanionyesha betri zinapoingia, akanionyesha inavyopachikwa juu ya kamera. Alikuwa mtu wa maneno mengi na mimi nilikuwa na haraka, harusi ni kesho.

"Hapa kwa lenzi weka nane," akasema. "Watu wakae mbali kama kutoka hapa mpaka kwa mlango. Sasa kuna kitu moja ya muhimu, hii namba ya juu..."

"Najua," nikamwambia.

"Unajua?"

"Gitau, nimepiga filamu nzima, umeiona kwa macho yako. Najua."

Akainua mikono, akanipa flashi.

Siku ya kupamba ilikuwa alasiri, joto la kufa mtu. Chumba kilijaa udi na jasho na asumini, wanawake wamebanana mpaka ukutani, mabuibui yamerundikwa mlangoni. Wanawake ninaowajua kwa viatu tu barabarani, leo ninawaona shingo, mikono, nywele zilizochomwa, vifua vimejaa dhahabu. Walinitania nilipopita na ile mashine. "Jaha, mimi unikondeshe," mmoja akasema. Mwingine akasema Jaha amepata dawa ya kumtuliza, na akimaliza aende akampige Mbaruk wake. Nikamjibu kwamba Mbaruk akimtaka yeye, namwachia kwa moyo mmoja. Walicheka.

Swabra alikuwa amekaa juu ya jukwaa, gauni jeupe limemwagika hadi chini, hina mpaka kwenye viwiko, macho ameyainamisha, maana bibi harusi wetu hainui macho, hiyo ndiyo heshima yake. Nikaisimamisha kamera wima ili gauni lote liingie. Nikapiga, flashi ikawaka, chumba kizima kikaguna. Nikapiga tena. Nikapiga mama na binti, nikapiga mashangazi, kila mmoja kwa zamu yake, kamera wima vile vile. Kisha nikasogea karibu na Swabra na kumnong'oneza.

"Inua macho. Mara moja tu, hawatakuona, wanaimba."

Akayainua. Nilikuwa namjua Swabra tangu anatambaa na sikuwahi kumwona vile. Alinitazama moja kwa moja ndani ya lenzi, hana haya wala woga, na mimi nikabonyeza. Nilitoka mle ndani nikijua kwamba hiyo moja peke yake ingetosha.

Filamu ikaenda Mombasa, na mimi nikawa sina raha. Nilikwenda studio kila asubuhi, na kila asubuhi Gitau alitikisa kichwa. Nilikwenda jioni pia, akaniambia basi la jioni halileti bahasha. Nyumbani nilifagia palipofagiwa. Nilipika wali ukaungua, nikapika mwingine ukawa maji. Niliwaza kwamba basi limepinduka. Niliwaza kwamba yule wa Mombasa ana kinyozi wake. Mwezi unakatika, na siku moja dada yake Mbaruk akaja kwetu na sinia la halua, akakaa muda mrefu akiutazama ua wetu na kuku wetu. Alipoondoka niliimwaga ile halua nyuma ya choo. Mama aliliona sinia tupu, akadhani nimekula, akafurahi.

Siku bahasha ilipofika niliifungua pale pale studio. Nilimgeuzia Gitau mgongo, nikaziba na buibui langu. Nikaitoa ya kwanza.

Gauni lilikuwepo. Hina ilikuwepo, kila ua na kila jani. Mkufu wa dhahabu ulikuwepo. Kuanzia shingoni kwenda juu palikuwa peusi, peusi kabisa, kama mtu aliyeshusha pazia. Nikaitoa ya pili, ya tatu. Mashangazi hawana vichwa. Bi Zuleikha hana kichwa. Nikatafuta ile moja, nikiwaacha wengine wote waanguke sakafuni, nikaipata. Mabega ya Swabra yalikuwa yameinuka kidogo, ukiyajua utajua kwamba ameinua macho. Macho yenyewe hayakuwepo.

Nilikaa kwenye kiti cha wateja. Gitau akaja kuokota zilizoanguka na mimi nikamkaripia asiguse, kisha nikaona hakuna cha kuficha. Nikamwachia.

"Umewakata vichwa wote," akasema polepole. "Ulipiga na mia na ishirini na tano?"

Nikamsukumia kamera. Akabandua plasta yangu kwa kucha.

"Ndani ya hii kamera kuna pazia mbili, dada. Moja inafungua, ingine inafuata inafunga. Flashi inawaka mara moja tu, na inataka wakati huo pazia yote iko wazi. Hizi namba za juu ni mbio ya hizo pazia. Kwa sitini iko wazi yote. Kwa hii yako, ile ya pili imeshaanza kufunga. Penye imefunika, giza. Na vile ulishika kamera wima, giza ikaangukia vichwa." Akanitazama. "Siku ile nilitaka kukwambia."

"Usiniambie ulitaka kuniambia."

Nilikuwa na hasira hata meno yananiuma. Hasira na Kioko, na Mzungu wake, na Gitau kwa kunisikiliza niliposema najua. Mtu akisema anajua huku anatazama mlango, mshike mkono, mwambie. Kisha hasira zikaisha nikabaki na mimi mwenyewe. Nikayaona maisha yangu ya Mambrui yamepangwa kwenye rafu na misumari.

Mama alinisindikiza kwa Bi Zuleikha, nadhani ili nisitoroke njiani. Tulikaribishwa ukumbini. Bi Zuleikha akafunga mlango, akavaa miwani, akapokea bahasha kwa mikono miwili.

Alitazama ya kwanza muda mrefu. Akaigeuza kuona kama uso uko nyuma. Akatazama ya pili.

"Huyu Swabra?"

"Ndiye, Bi Zuleikha."

"Na huyu ni mimi?"

"Ni wewe, nguo yako ile ya kijani."

Mama alifumba macho. Bi Zuleikha akaendelea, moja baada ya moja, akizipanga juu ya mkeka, na uso wake mkavu vile vile. Alipomaliza alivua miwani. Akajifunika leso vizuri, akatufanyia ishara na sisi tujifunike, akafungua mlango na kumwita mumewe.

"Aboud. Njoo utazame."

Mama alinishika goti. Mzee Aboud akaingia, mtu mnene wa taratibu, akasimama mlangoni hataki kutazama chini, maana alijua picha hizo ni za wapi. "Tazama tu," mkewe akamwambia. "Hakuna mtu humo." Akainama. Akaokota ile ya Swabra, gauni zima na hina na dhahabu, akakaa nayo kwenye ukingo wa kitanda cha kamba.

Yeye ndiye aliyelinunua gauni lile. Mkufu ule ulitoka kwa mamake. Miaka mitatu aliihangaikia harusi ile, na hakuwahi kuona hata pindo la gauni limevaliwa. "Mashallah," akasema, akijifuta macho. "Kumbe alivaa hivi."

"Hii itawekwa ukumbini," Bi Zuleikha akasema. "Kwenye fremu, kila mtu aone. Hata kinyozi akiibandika, na aibandike. Jaha, umefanyaje? Nani amekufundisha akili hii?"

Nilifungua mdomo. Mama akanifinya paja kwa nguvu, nikaufunga.

Kabla ya magharibi mtaa wote ulijua. Walikuja wenyewe kwetu, wale mashangazi, kila mmoja anataka nakala yake. Walijitambua kwa bangili na kwa vitambi wakachekana. Mmoja alisema sasa anaweza kumpelekea nduguye Maskati. Na kesho yake akaja mwanamke wa Mambrui, Mambrui hiyo hiyo ya Mbaruk, anamuoza bintiye Ijumaa ya mwisho wa mwezi. Alikuwa ameiona picha ukumbini kwa Bi Zuleikha. "Nataka zile zile," akasema. "Bila nyuso. Zikiwa na nyuso sizitaki na sitakupa kitu." Mama akamwitikia kabla yangu. Usiku ule nilimsikia akiimba jikoni, kisha akaniita.

"Ukishaipiga harusi hiyo ya Ijumaa, Jumamosi nampelekea Mbaruk jibu la hapana. Ahadi ni ahadi."

Nilitaka kuruka. Kesho yake adhuhuri nilitoka kumtafuta Swabra, nimshukuru, maana ni harusi yake iliyoniokoa. Alikuwa bado kwao na mumewe, na mume amekwenda msikitini. Alinivuta kwenye ushoroba, ile picha mkononi. Ile niliyomwambia ainue macho.

"Jaha," akasema, "na mimi niko wapi?"

"Ndio huyo."

"Hili ni gauni."

"Mamako amefurahi. Babako amelia, Swabra, nimemwona."

"Mama aliniona, alikuwepo. Watu wote waliniona. Mimi ndiye sikujiona. Uliniambia niinue macho nikayainua, nikasema moyoni, potelea mbali, angalau nitajiona." Hakuwa na ukali, na ningependa awe na ukali. "Unaweza kunipiga nyingine? Yenye uso. Hapa uani, saa hii."

Kamera nilikuwa nayo begani. Filamu ilikuwemo. Jua lilikuwa limeingia uani vizuri, wala flashi haikuhitajika. Nikamfikiria Gitau, nikamfikiria yule wa Mombasa, nikamfikiria Bi Zuleikha akijua, na yule wa Mambrui akijua, na Jumamosi.

"Baadaye," nikamwambia.

"Baadaye lini?"

"Baada ya Ijumaa."

Alinitazama kama alivyonitazama siku ile ndani ya lenzi, kisha akaitikia kwa kichwa na kurudi ndani. Wiki hiyo hiyo mumewe alimchukua kwenda kwao Marereni, ambako alikuwa karani kwenye mashamba ya chumvi. Sikuwahi kupeleka kamera huko.

Ijumaa nilikwenda Mambrui na flashi ya Gitau. Njiani nilikuwa nimejiambia mambo mengi. Plasta haikuwepo tena na kigurudumu kilikuwa kwenye sitini, pale panapoacha nyuso, nilikiweka mwenyewe usiku nikijaribu, kisha sikukigusa. Nikajiambia nitaona nikifika. Mama wa bibi harusi alinipokea mlangoni, akanivua buibui kwa mikono yake, akanikumbusha sikioni. Kama za Zuleikha. Nikamwambia nimesikia.

Bibi harusi alikuwa mtoto mtoto, shavu bado la shule. Hakuinamisha macho vizuri. Kila mara aliyainua kuitazama kamera, anayashusha, anayainua. Hakuwahi kupigwa picha maishani mwake, walinieleza, hata ya kitambulisho. Nilisimamisha kamera wima, nikasogea karibu ili nipate hina. Kigurudumu kilikuwa chini ya kidole changu. Nilikuwa na hasira, sijui na nani, na watu wote mle ndani, na mimi pia. Nikakizungusha kikalia mia na ishirini na tano.

Akainama kwangu, akanong'ona ili mamake asisikie.

"Dada, nicheke au nisicheke?"

"Cheka," nikamwambia. "Ukicheka unapendeza."

Akacheka, meno yote nje, na mimi nikabonyeza.